Bwana William Holden: Mchezaji wa Sinema na Kazi Aliyoiacha Nanyuki

Jioni moja mjini Lamu, baada ya sala ya alasiri, niliketi barazani pamoja na wazee watatu, tukitazama punda wakipita na mizigo yao ya mchanga na mawe ya kujengea. Mazungumzo yalikuwa juu ya vijana, kama yalivyo kila siku. Mzee mmoja, ambaye umri wake unakaribia miaka tisini, alikuwa na huzuni. Mjukuu wake ametangaza nyumbani kwamba ataacha masomo aende Nairobi kutafuta kazi ya kuigiza katika picha za sinema. Mama yake mtoto analia, baba yake amekasirika, na babu ndiye anayetazamiwa atoe shauri.

Mzee huyo aliumaliza ujana wake baharini. Alipokuwa kijana alikwenda Mombasa mara kwa mara na jahazi la boriti, na safari moja, walipokuwa wakingoja kupakua, aliingia katika nyumba ya sinema pamoja na mabaharia wenzake. Picha waliyoiona ilikuwa ya wafungwa wa vita waliolazimishwa na Wajapani kujenga daraja la reli katikati ya msitu. Hata leo anaweza kuisimulia yote, na khasa mwisho wake, Mzungu mmoja alipojitosa mtoni na kisu mkononi huku risasi zikimwangukia kama mvua.

Akanigeukia akasema, "Mwanangu, weye umesoma na kazi yako ni makaratasi. Hebu nambie, yule Mzungu wa mtoni aliishia wapi? Sisemi katika picha, maana katika picha nilimwona akifa. Nauliza katika dunia hii yetu. Nikijua aliishia wapi, nitajua la kumwambia mjukuu wangu."

Nilimjibu, "Mzee, mtu huyo jina lake William Holden, na sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha hapa hapa Kenya." Wazee wote watatu walishangaa. Kwa kuwa habari zake ni ndefu kuliko nafasi ya jioni moja, nimeona vema niziandike hapa, ili mzee yule asomewe, na wasomaji wengine wenye vijana wa namna hiyo nyumbani wapate nao kuzipima.

KUZALIWA KWAKE

Bwana Holden alizaliwa tarehe 17 Aprili, 1918, katika mji mdogo wa O'Fallon, jimbo la Illinois, Marekani. Jina alilopewa na wazazi wake halikuwa Holden, bali William Franklin Beedle. Baba yake alikuwa mtaalamu wa kemia katika kazi za viwanda, na mama yake alikuwa mwalimu wa shule. Alipokuwa mtoto wa miaka mitatu hivi, jamaa hii ilihamia Pasadena ya Kusini katika jimbo la California, si mbali na Hollywood, mahali ambapo biashara ya sinema ilikuwa ikianza kustawi.

Basi huyu hakuwa mtoto wa wachezaji. Nyumba yao ilikuwa ya watu wa kazi na vitabu, na baba yake alitazamia mwanawe afuate njia ya kemia. Lakini kijana alikuwa mwepesi wa viungo na mpenda hatari. Husimuliwa kwamba huko Pasadena aliwahi kutembea kwa mikono, miguu ikiwa juu, kwenye ukingo wa daraja refu, rafiki zake wakimtazama kwa hofu. Tabia hiyo ya kusimama ukingoni, penye kuanguka, hakuiacha hata alipokuwa mtu mzima, na msomaji ataona mbele jinsi ilivyomfuata.

Alipokuwa chuoni Pasadena alijiunga na kikundi cha michezo ya kuigiza. Katika mchezo mmoja alipewa sehemu ya babu wa miaka themanini, naye wakati huo hajatimiza hata miaka ishirini na moja. Mtu wa kampuni ya Paramount, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta wachezaji wapya, alimwona chini ya zile ndevu za bandia akatambua kwamba ndani yake kuna kitu. Wakampa mkataba. Jina la Beedle halikuwapendeza wakubwa wa kampuni, kwa kuwa katika masikio ya Mwingereza linakaribia jina la mdudu, wakambandika jina la Holden. Kwa jina hilo dunia ikamjua.

KIJANA ALIYESHIKWA MKONO

Picha yake kubwa ya kwanza iliitwa Golden Boy, nayo ilitoka mwaka 1939. Ilikuwa habari ya kijana aliyevutwa na mambo mawili, kupiga fidla na kupigana ngumi. Kampuni mbili, Paramount na Columbia, zilimgawana Bwana Holden nusu kwa nusu, kama jahazi moja lenye matajiri wawili, na mshahara wake ulikuwa mdogo.

Siku za kwanza za kazi hiyo zilikuwa za aibu. Alitetemeka, alisahau maneno, na wakubwa walitaka kumfukuza watafute mwingine. Aliyemwokoa ni mwanamke, Bibi Barbara Stanwyck, mchezaji mwenye sifa kubwa aliyekuwa mkuu katika picha ile ile. Bibi huyo aliwaambia wakubwa wamwache kijana. Tena hakuishia kwenye maneno, bali baada ya kazi za mchana alikaa naye akamfundisha jinsi ya kusema na jinsi ya kusimama mbele ya kamera. Hivyo kijana hakufukuzwa, na picha ilipotoka jina lake lilikuwa limeanza kusikika.

Twamsifu mwanamke huyu, na twamsifu pia aliyesaidiwa, kwa kuwa hakusahau fadhila. Kwa miaka mingi alimpelekea Bibi Stanwyck maua kila mwaka, kwa ukumbusho wa siku walipoanza kuicheza picha ile. Na mwaka 1978, karibu miaka arobaini baadaye, waliposimama pamoja mbele ya mkutano mkubwa wa Oscar kutoa nishani, Bwana Holden aliacha maneno aliyopangiwa, akaueleza umati wote kwamba kama si mama huyu, yeye asingefika pale. Bibi Stanwyck hakuweza kuyazuia machozi. Mtu akimshika mkono mwenziwe kwa siku chache, hawezi kujua ameshika maisha ya miaka mingapi.

VITA

Mwaka 1941 alimwoa Bibi Brenda Marshall, naye pia mchezaji wa sinema. Mwaka uliofuata aliingia jeshini, akatumika katika jeshi la anga la Marekani hata vita vilipokwisha mwaka 1945. Kazi yake khasa ilikuwa kucheza katika picha za kuwafundishia askari. Mdogo wake Robert, aliyekuwa rubani wa jeshi la majini, hakurudi. Ndege yake iliangushwa katika bahari ya Pasifiki mwanzoni mwa mwaka 1944. Waliomjua Bwana Holden walisema kwamba msiba huo ulimkaa moyoni. Yeye alikuwa akivaa mavazi ya kijeshi mbele ya kamera, na mdogo wake ndiye aliyekufa vitani.

MIAKA YA SIFA

Baada ya vita alirudi kazini, na kwa miaka michache alipewa sehemu za kijana mzuri mwenye tabasamu, sehemu ambazo hazikumpatia heshima kubwa. Mambo yalibadilika mwaka 1950 katika picha iitwayo Sunset Boulevard, iliyoongozwa na Bwana Billy Wilder. Ndani yake Bwana Holden ni mwandishi masikini anayeingia nyumbani kwa mwanamke aliyekuwa mchezaji mkubwa zamani, wakati sinema zilipokuwa hazina sauti. Dunia imemsahau mwanamke huyo, lakini yeye hataki kusadiki kwamba amesahauliwa. Hadithi husimuliwa na mwandishi mwenyewe akiwa ameshakufa, maiti yake ikielea katika birika la kuogelea. Mpaka leo picha hiyo huhesabiwa miongoni mwa zile bora zilizopata kufanywa Marekani, na somo lake ni kwamba uso wa mtu ni mali ya kukopa. Huenda Bwana Holden alilishika somo hilo mapema kuliko wenziwe.

Mwaka 1953 alicheza katika Stalag 17, habari ya Wamarekani waliofungwa na Wajerumani wakati wa vita. Kwa kazi hiyo alipata nishani ya Oscar ya mchezaji bora wa kiume. Alipoitwa jukwaani mwaka 1954 hotuba yake ilikuwa asante tu, maana muda wa televisheni ulikuwa umewaishia. Kisha zikafuata Sabrina mwaka 1954, na Picnic na Love Is a Many-Splendored Thing mwaka 1955. Katika miaka hiyo wenye nyumba za sinema walimhesabu kuwa mmoja wa wale ambao jina lao peke yake hutosha kujaza viti. Hata rafiki yake Bwana Ronald Reagan, mchezaji mwenziwe aliyekuja kuwa Rais wa Marekani mwaka 1981, alipooa mwaka 1952 alimsimamisha Bwana Holden kuwa msimamizi wake wa harusi.

Ndipo ikaja picha ya daraja, ile aliyoiona mzee wetu Mombasa. Jina lake ni The Bridge on the River Kwai, ilitoka mwaka 1957, na aliyeiongoza ni Bwana David Lean. Mto wenyewe wa hadithi uko Thailand, lakini picha ilipigwa Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, mahali paitwapo Kitulgala. Daraja lilijengwa kweli kweli kwa miti na likalipuliwa kweli kweli. Picha ilipata nishani saba za Oscar, na ile ya mchezaji bora ilikwenda kwa Bwana Alec Guinness, aliyecheza afisa Mwingereza anayelipenda daraja kupita kiasi.

Habari hii haiko mbali nasi kama idhaniwavyo. Vijana wengi wa Afrika ya Mashariki walikwenda Ceylon mwaka 1943 katika divisheni ya kumi na moja, wakafanya mazoezi huko kabla ya kupigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944. Askari wa Keya waliijua misitu ile, mvua yake na malaria yake. Walakini hakuna mchezaji aliyecheza sehemu yao katika picha ya daraja.

Kwa kazi hiyo Bwana Holden alifanya mapatano ya akili. Mbali na mshahara wake, alidai fungu katika mapato ya picha, akakubali alipwe kidogo kidogo, dola 50,000 kila mwaka. Picha ilipendwa mno, na fungu lake likawa kubwa kuliko alivyotazamia mtu yeyote. Sasa alikuwa tajiri. Alihamia Uswisi, na watu wengi kwao walimlaumu kwamba anakimbia kodi. Alikuwa na fedha, alikuwa na jina, na bado alikuwa mtu asiyetulia. Hapo ndipo Kenya inapoingia katika habari zake.

MAWINGO

Karibu na Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, palikuwa na jumba zuri lililoitwa Mawingo. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na Bibi Rhoda Lewisohn, tajiri wa Kimarekani, na baadaye likawa hoteli. Mstari wa ikweta wapita katika kiwanja chake, na asubuhi, mawingu yanapofunguka, vilele vya mlima na theluji yake huonekana kana kwamba viko nyuma ya ua.

Bwana Holden alifika hapo katika safari ya kuwinda. Alikuwa pamoja na rafiki zake wawili, Bwana Ray Ryan, Mmarekani mwenye biashara ya mafuta, na Bwana Carl Hirschmann, mwenye benki wa Uswisi. Mahali pale palimteka. Mwaka 1959 watatu hao walilinunua jumba lile wakaligeuza kuwa klabu, nayo ikaitwa Mount Kenya Safari Club. Miongoni mwa wanachama waliotajwa walikuwamo Bwana Winston Churchill na mwimbaji Bing Crosby.

Hapana budi tuseme kweli yote. Mwaka ule nchi yetu ilikuwa bado chini ya hali ya hatari, ambayo haikuondolewa mpaka Januari 1960. Ardhi ya nyanda zile ilikuwa imetengwa kwa ajili ya Wazungu, na watu wa mlima ule walikuwa wametoka katika miaka ya vijiji vya lazima na kambi za kufungia watu. Mwafrika wa kawaida aliyepita malango ya klabu ile alipita kwa kazi ya utumishi. Matajiri walikuja kwa ndege kutazama theluji na kupiga wanyama, kisha wakaenda zao. Kama habari za Bwana Holden zingeishia hapo, nisingeona sababu ya kuziandika.

Hazikuishia hapo. Mwaka 1962 ilitoka picha iitwayo The Lion, iliyopigwa hapa Kenya, ambamo Bwana Holden alicheza pamoja na Bwana Trevor Howard, Bibi Capucine, na mtoto Pamela Franklin. Ni habari ya msichana mdogo aliyekuwa na urafiki na simba. Kila mwaka Bwana Holden alikaa Kenya zaidi, na kila mwaka alipenda bunduki kidogo zaidi.

KUTOKA BUNDUKI HATA KAMBA

Mwaka 1967, pamoja na Bwana Don Hunt, Mmarekani aliyekuwa akionyesha wanyama katika televisheni ya kwao, Bwana Holden alianzisha shamba la wanyama kando ya klabu, lenye ekari zaidi ya elfu moja. Liliitwa Mount Kenya Game Ranch. Kazi yake ilikuwa kuwakamata wanyama waliokuwa hatarini, ama waliokuwa wakigombana na wakulima, na kuwahamishia mahali pa usalama, na kuwazalisha wale waliokuwa wakipungua.

Kazi ya kumkamata mnyama mzima bila kumwumiza haifanani na kumpiga risasi. Mwindaji hushughulika na mnyama dakika chache tu. Mkamataji hana budi kumfukuza, kumfunga, kumpakia, kumsafirisha kwa barabara mbaya, kumnywesha, na kumtazama usiku kucha asife kwa hofu. Bwana Holden hakuwa wa kutia fedha tu na kukaa ukumbini. Alishika kamba kwa mikono yake, akala vumbi pamoja na wafanyakazi, na waliokuwa naye walisema kwamba hapo ndipo alipoonekana mwenye furaha.

Nchi nayo ilikuwa ikibadilika njia hiyo hiyo. Mwaka 1973 Kenya ilihesabiwa kuwa na ndovu wapatao 167,000. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka 1978 ikafuatia marufuku ya biashara ya ngozi, pembe na nyara nyinginezo. Hata hivyo majangili hawakukoma, na ilipofika mwisho wa miaka ya 1980 ndovu waliobaki hawakufika 20,000. Ndiyo maana mwezi wa Julai 1989 Rais Moi aliziwasha moto tani kumi na mbili za pembe katika mbuga ya Nairobi, ulimwengu mzima ukitazama.

Sisi wa Lamu tusijidhani kuwa wageni katika jambo hili. Kwa karne nyingi pembe za ndovu zilipita katika bandari zetu kwenda Arabuni na Bara Hindi, na siwa ya Pate, heshima ya masultani, imechongwa kwa pembe hizo. Bara yetu ya Dodori, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1976, ilikuwa na ndovu ambao wazee wangali wakiwakumbuka. Mzee wetu wa barazani husema kwamba alipokuwa kijana, walipotia nanga karibu na mikoko ya upande ule, waliwahi kuwasikia usiku wakivunja miti. Siku hizi, asema, husikika bahari tu.

MTU ASIYEJIOKOA

Sasa nafika penye sehemu ngumu, ambayo nisingependa mjukuu wa mzee aikose. Bwana Holden alikuwa mlevi. Ulevi wake haukuwa wa kufurahi na rafiki siku ya sikukuu, bali ulevi uliomtawala. Alikuwa na haya tangu ujana wake, na yasemekana alianza kunywa ili apate ushujaa wa kusimama mbele ya kamera. Dawa ikawa ugonjwa.

Mwaka 1966 huko Italia, akiendesha gari la mbio hali amelewa, aligongana na gari lingine, na dereva wa gari lile alikufa. Mahakama ilimtia hatiani ikampa kifungo cha miezi minane, lakini kwa masharti, hata asiingie gerezani. Sheria ilimwacha huru. Yeye mwenyewe, kwa ushahidi wa rafiki zake, hakujiacha huru maisha yake yote. Ndoa yake nayo ilivunjika, ikaisha kwa talaka mwaka 1971.

Katika kazi yake aliendelea kuonekana. Mwaka 1969 alicheza katika The Wild Bunch, uso wake ukiwa umekunjamana kabla ya wakati, na watazamaji wengi waliona kwamba uso ule ulisema kweli kuliko ule wa ujanani. Mwaka 1974 alipata nishani ya televisheni ya Emmy kwa mchezo wa The Blue Knight. Mwaka 1976 alicheza katika Network, akapendekezwa tena kwa Oscar. Rafiki yake wa miaka hiyo ya mwisho alikuwa Bibi Stefanie Powers, mchezaji wa sinema, ambaye alisafiri naye Kenya akaipenda nchi hii na kazi ile ya wanyama.

Mwezi wa Novemba 1981 Bwana Holden alikuwa peke yake nyumbani kwake Santa Monica, California. Alikuwa amekunywa. Aliteleza kwenye zulia, akapiga kichwa kwenye meza ya kando ya kitanda, damu ikamtoka hata akafa. Alikuwa na umri wa miaka 63. Watu hawakujua. Maiti yake ilipatikana tarehe 16 Novemba, baada ya siku nne hivi. Mtu ambaye uso wake ulijulikana Mombasa na London na Tokio alilala siku nne bila hata jirani mmoja kubisha mlango. Kwa wosia wake hapakuwa na ibada ya maziko, na majivu yake yalimwagwa katika bahari ya Pasifiki, bahari ile ile iliyommeza mdogo wake.

Wasomaji wa visiwa vyetu watalisikia jambo hili kwa uchungu wa pekee. Kwetu mtu akikosekana msikitini sala mbili, tayari mtoto ametumwa kwenda kuuliza. Baraza zetu zatutazama, na mara nyingine vijana hulalamika kwamba zatutazama mno. Lakini na waikumbuke nyumba ile ya Santa Monica.

KILICHOBAKI

Mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya kifo chake, Bibi Stefanie Powers pamoja na rafiki wengine walianzisha shirika kwa jina lake, William Holden Wildlife Foundation, na karibu na Nanyuki wakajenga mahali pa kuwafundishia wanafunzi habari za wanyama, misitu, maji na udongo. Maelfu ya watoto wa shule za Kenya wamepita hapo, mwaka baada ya mwaka. Wengi wao hawajaona hata picha moja ya Bwana Holden, na si lazima waione.

Shamba la wanyama nalo halikufa. Humo huzalishwa bongo wa milimani, mnyama mkubwa mwenye rangi ya kahawia nyekundu na mistari myeupe, ambaye katika dunia yote hupatikana katika misitu ya milima ya Kenya peke yake, na ambaye waliobaki msituni hawazidi mia moja. Mwaka 2004 bongo kumi na wanane waliletwa hapo kutoka mabustani ya wanyama ya Marekani, wajukuu wa wale waliochukuliwa zamani kutoka huku huku kwetu. Mwaka 2022 baadhi ya bongo waliozaliwa Nanyuki waliachiliwa katika hifadhi ya msituni iitwayo Mawingu. Jina la lile jumba la anasa limerudi mlimani likiwa jina la makao ya wanyama.

Nilipokwisha kukusanya habari hizi nilirudi barazani, nikamsimulia mzee yote, bila kuficha ulevi, wala mtu aliyekufa barabarani, wala zile siku nne. Mjukuu wake alikuwapo, ameketi chini karibu na miguu ya babu yake, akichezea ncha ya kikoi chake. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akamwuliza kijana, "Umesikia?" Kijana akajibu, "Nimesikia, babu."

"Basi sikukatazi kucheza," akasema mzee. "Kazi ya mtu huyu ilinifurahisha ujanani, na hata leo naikumbuka, siwezi kusema ni upuzi. Lakini kwanza maliza masomo, maana na yeye alikutwa chuoni. Pili, ukipata mtu wa kukushika mkono, usimsahau. Tatu, ukipata fedha, itie katika kitu kitakachozaa wewe ukiwa huko chini. Na kile kilichomwua mwenzio, usikiguse hata kwa ncha ya ulimi."

Kijana akainamisha kichwa akambusu babu yake mkono. Sijui ataamua nini. Pengine bado ataondoka na mashua ya asubuhi. Walakini mama yake ameniambia kwamba siku ya pili yake alimwona akitoa vitabu vyake vya shule katika sanduku.

Waswahili husema kwamba mtu ni utu. Bwana Holden alijaliwa sura nzuri, nayo ilimpatia mkate na sifa. Sura ile imebaki katika picha, na picha nazo huchakaa. Utu wake ulikuwa na ufa mkubwa, na ufa ule hakuuziba hata mwisho. Lakini katika shamba moja chini ya Mlima Kenya alifanya kazi ambayo haikuhitaji mtu amtazame, na kazi hiyo ingali ikiendelea hata baada ya taa kuzimwa.